Mfuniko wa Jikoni kwa Shemeji

"Fungeni maji!"

Sauti ilitoka chini ya ardhi, maana Zibua alikuwa amelala kifudifudi uani, kichwa na mkono mzima ndani ya chemba ya maji machafu. Wapangaji wakajibu madirishani, ghorofa kwa ghorofa.

"Tumefunga!"

"Mimi bado nina sabuni machoni!"

"Baki nayo, tutakusuuza kesho!"

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya jengo lile. Fundi akiwa ndani ya chemba, hakuna kuoga, hakuna kufua, hakuna kuvuta maji chooni mpaka yeye mwenyewe aseme. Meneja hakuitunga. Meneja hakuwahi kutunga lolote la maana tangu apewe ofisi yenye feni. Aliyeitunga ni marehemu mke wa Zibua. Siku moja mumewe alitoka chemba amelowa uchafu wa watu mpaka masikioni, basi mama yule akapanda ngazi, akagonga kila mlango na kusema neno moja tu: "Mume wangu si choo."

"Na mgahawa?" Zibua akauliza.

"Kavu kabisa, shemeji! Fanya kazi yako kwa raha!"

Huyo alikuwa mwenye mgahawa wa chini, kaka wa marehemu, na zaidi ya hayo mwenyekiti wa wapangaji. Mtu wa maneno matamu. Angeweza kumuuzia bata mwavuli.

Zibua akasukuma waya wa kuzibulia huku akiuzungusha. Ukagota. Hakikuwa kitambaa wala nywele, kwa sababu vitu hivyo hunasa waya na kuuvuta, na hiki kilibonyea tu kama sabuni. Akauchomoa. Ncha ilikuwa imepakaa utando mweupe unaonuka vitunguu. Mafuta yaliyoganda.

Kabla hajajiuliza yametoka wapi, likaja wimbi la maji ya moto, ya manjano, yenye punje za wali. Yakammwagikia mkono mpaka begani. Alipojitoa, ngozi ilikuwa nyekundu kama nyanya. Maji hayo hayakutoka ghorofani. Yalitoka kwenye bomba la mgahawa, lile lililoambiwa ni kavu kabisa.

Kilichomuuma zaidi ya mkono ni yale mafuta. Yasingefika pale kama kungekuwa na mtego wa mafuta.

Tangu mgahawa ufunguliwe, bomba lilikuwa likiziba kila mara, na likiziba, maji hayapandi kwa wakubwa wa juu. Hutafuta tundu la chini kabisa, na tundu hilo lilikuwa bafu la Mama Pacha, jirani aliyetazamana na chumba cha Zibua. Mama Pacha alipochoka kuamka na kukuta ndala zake zinaelea, alitaka mgahawa ufungwe. Zibua ndiye aliyesimama mkutanoni kumtetea shemeji yake. Akaeleza kuwa mafuta yakiwa moto ni maji, yakipoa ni ukuta. Kwamba dawa ni kufuta sahani kabla ya kuziosha, na kujenga chini ya sakafu ya jiko kisanduku cha saruji, mafuta yaelee juu yabaki humo, maji yatoke kwa chini yaende zake. Huo ndio mtego. Shemeji aliahidi kuujenga, na Zibua akaongeza kwa kinywa chake: "Asipouweka, nifukuzeni mimi."

Haukupita muda mrefu, mfuniko wa chuma ukaonekana katikati ya sakafu ya jiko. Bwana afya akaja, akautazama mfuniko, akaletewa sahani, akasifu mchuzi. Meneja naye akautazama, naye akasifu mchuzi. Hakuna aliyeinama. Mkubwa haoni kilicho chini ya goti lake.

Zibua pia hakuufunua, lakini yake yalikuwa mengine. Kufunua mfuniko wa shemeji ni sawa na kumpekua mfukoni mbele ya wageni. Na shemeji mwenyewe alikuwa amemshika bega: "Wewe umefiwa. Huu nitausafisha mwenyewe, usijisumbue." Zibua aliyachukua maneno hayo kama zawadi.

Asubuhi hii godoro la watoto wa Mama Pacha lilikuwa limelowa tena. Meneja akaitisha mkutano jioni, akasema kama fundi ameshindwa kazi, atafutwe mwingine. Na chumba cha Zibua, alicholala na mkewe tangu harusi mpaka mauti, kilikuwa chumba cha kazi. Kazi ikienda, chumba kinaenda.

Basi akainuka na mkono wake mwekundu, akaingia jikoni na mtaimbo.

Mlangoni alikuwa amekaa mama mkwe wake, anachambua mchele kwenye ungo. Zibua akamwamkia. Bibi akaitikia, akauona mtaimbo, akainamia ungo wake.

"Shemeji, si ulisema umefunga?"

"Mpishi kapitiwa, shemeji. Pole jamani! Mletee maji ya baridi..."

Zibua hakungoja maji. Akachomeka mtaimbo pembeni mwa mfuniko, akaegemea. Ukabanduka kwa sauti ya kitu kilichogandishwa. Chini yake palikuwa na sakafu. Hapakuwa na shimo, wala sanduku, wala bomba. Saruji laini, ileile ya jiko zima. Akagonga kwa mtaimbo. Ikaitika kigumu.

"Umeniuzia mbuzi kwenye gunia," akasema taratibu.

"Punguza sauti, shemeji, kuna wateja." Shemeji akamsogelea, jasho likimtiririka. "Kuchimba kungenifungia biashara. Meneja anajua. Yeye ndiye aliyenipa wazo."

"Meneja anajua?"

"Nitaujenga, haki ya Mungu. Tuyamalize kifamilia."

"Mimi niliapa mbele za watu."

"Najua."

"Jioni sema mwenyewe. Ukisema wewe, mimi siongezi neno. Hata la kukuaibisha sitalisema."

Shemeji akaushika mkono wake ule mzima kwa mikono yake miwili. "Nitasema. Wewe ni damu yangu."

Zibua akarudi kwenye chemba. Akazibua mpaka maji yakanguruma kwenda zao, kisha akamsaidia Mama Pacha kuanika godoro.

Jioni watu walijaa uani, wengine wamekaa kwenye ndoo zilizopinduliwa. Meneja alikuja na kiti chake, kana kwamba viti vya wapangaji vina upele. Shemeji akasimama, akasafisha koo.

"Ndugu zangu, kweli mtego haupo."

Watu wakaguna. Zibua akashusha pumzi. Mtu ametimiza.

"Lakini mimi ni muuza chakula, najua nini mambo ya mabomba? Nilimuuliza fundi wa jengo, shemeji yangu huyu. Akaniambia weka mfuniko tu, bwana afya aridhike, mengine nitazibua mimi. Simlaumu. Tangu dada yangu afariki, kichwa chake hakijatulia. Sote tunaona."

Mama Pacha akamgeukia Zibua. "Baba, ndivyo?"

Zibua akainuka. Angeweza kuvumilia kuitwa mwongo. Lakini kuchukua msiba wake, kuukunjua mbele za watu na kuufutia mikono, hilo hakulitazamia. Na watu walikuwa wanamtazama kwa huruma, huruma ile ya kumtazama mlevi.

Akamtafuta mama mkwe kwa macho. Alikuwa pale mlangoni.

"Mama," akasema, "siku mfuniko unawekwa, mimi nilikuwa wapi?"

Bibi alijua. Ni yeye aliyemtuma siku hiyo kwenda kupalilia kaburi la binti yake, akampa jembe kwa mkono wake. Zibua aliporudi jioni, saruji iliyoushika mfuniko ilikuwa bado mbichi na fundi wa kuungaunga amekwisha ondoka.

Bibi akamtazama mwanawe. Mwanawe akatazama kucha zake.

"Mimi mzee, mwanangu," bibi akasema. "Siku zote zinafanana."

Fundi cherehani wa ghorofa ya pili akaanza, "Jamani, kikulacho..." Lakini mchana hula kwa mwenyekiti, akakohoa, akaacha methali nusu.

Meneja akafunga mkutano. "Fundi, ulisema mwenyewe tukufukuze. Sisi tunaheshimu neno lako." Mtego, akasema, utatazamwa. Neno hilo wakubwa hulipenda sana, kwa kuwa kutazama hakuchimbi shimo.

Kesho yake asubuhi Zibua alileta mkokoteni getini. Mama Pacha alitaka kusaidia, akamwambia asante dada, watoto wako hawajanywa chai. Hakutaka kuonewa huruma na mtu aliyemwamini nusu. Akatoa ndoo, akatoa waya zake, akatoa jiko. Kitanda kikamshinda, kwa kuwa mkono uliobabuka haukushika vizuri.

Alipogeuka, mama mkwe alikuwa mlangoni mwa chumba. Hakuwa amewahi kukanyaga humo. Mkwe na mama mkwe wana mpaka wao, na kitanda ndicho mpaka wenyewe.

"Shika kule," bibi akasema.

"Mama, hiki si cha kubeba wewe."

"Nimekwambia shika."

Wakakibeba, yeye upande wa kichwani, bibi miguuni, wakipita mbele ya jiko la mgahawa. Shemeji alikuwa dirishani na mwiko mkononi. "Mama! Unafanya nini? Watu wanaona!"

Bibi akaendelea kutembea. Hakukiachia kitanda mpaka getini. Hapo akakiweka chini upande wake. Mkokoteni ulikuwa nje, hatua chache tu.

"Mimi naishia hapa," akasema. "Nakula kwake, mwanangu. Utaniacha na nani?"

Swali la bibi lilitaka jibu la kufariji. Jibu hilo Zibua alikuwa nalo mpaka jana.

"Na mwanao, mama," akasema, akakiburuta kitanda peke yake mpaka nje.