Kiti cha Fundi

Alfajiri, kabla taa haijawashwa, mguu wa plastiki ulikwaruza sakafu ya sebuleni. Daktari alifumbua macho, akasikiliza, akageukia ukutani. Ni kiti tu. Kilikuwa kinasogea kukwepa upepo wa dirishani.

Kiti kilikuwa cha kliniki, cheupe, mguu mmoja umefungwa waya. Kilianza kumfuata nyumbani wiki aliyozikwa fundi cherehani, mmoja wa wajawazito wa kliniki yake. Kilitembea nyuma yake kikichechemea, na penye barabara kilisubiri magari yapite. Siku ya kwanza mlinzi wa geti alikisimamisha.

"Dokta, hiki mali ya hospitali."

"Najua. Chenyewe ndicho kinachonifuata."

"Basi kesho urudi nacho mapema, wasije wakanisema mimi."

Akarudi nacho. Tangu hapo asubuhi walikwenda pamoja na jioni wakarudi pamoja, kama mtu na mkewe waliokosana lakini nyumba ni moja.

Daktari alikuwa anasomea ubingwa wa uzazi, na mwaka huo yeye na wenzake walifundishwa kliniki ya duara. Humo wajawazito hawapangi foleni mlangoni. Kila anayefika anajipima presha mwenyewe, kisha wote wanakaa duara, na daktari anakaa nao kwenye kiti kama chao, bila meza. Mama akiuliza, daktari haparamii kujibu. Analirudisha swali kwa duara: "Wenzangu, mnaonaje?" Mkufunzi hukaa pembeni na kalamu, na mwenye mdomo mwepesi hukatwa maksi. Daktari alikuwa na mdomo mwepesi. Mwanzoni mkufunzi alimwambia mbele ya wenzake kwamba yeye hafundishi, anahubiri. Alikwenda kulia chooni, akanawa uso, akaapa kunyamaza.

Akajifunza kunyamaza vizuri mno.

Siku ile Fundi alichelewa. Kazi ya kushona sare za shule ilikuwa imembana, akaingia anahema, akaketi kwenye kile kiti cha waya mguuni bila kujipima. Daktari alimwona. Lakini kunyanyuka kumfunga kipimo mkononi kungelivunja duara, na mkufunzi alikuwa anaandika. Mazungumzo yalipomfikia, Fundi alisema kichwa kinamgonga tangu jana, na sindano anaiona mbili mbili.

Daktari alilijua jibu: hiyo ni presha, apimwe sasa hivi. Lilimfika kooni, akalimeza.

"Wenzangu, mnaonaje?"

"Uchovu huo, ndugu yangu," alisema mwalimu wa chekechea aliyekaa karibu yake. "Weka miguu juu ya kigoda. Na hizo sare waambie wasubiri, watoto hawaendi vitani."

Duara zima lilicheka, na Fundi mwenyewe akacheka. Mkufunzi alimpa daktari maksi za juu. Kabla hapajakucha kifafa cha mimba kikamchukua Fundi, na mwanawe tumboni.

Sasa walikuwa wamekuja madaktari wapya, na mkufunzi alilichagua duara lile lile liwe mfano wao. Daktari alimfuata ofisini.

"Mwalimu, yapo maswali yasiyorudishwa. Naomba niwaambie hivyo."

"Wewe ulifuata mbinu. Tusiwachanganye watoto wa watu." Mkufunzi alikuwa anafuta miwani yake. "Na mwezi ujao unamaliza. Au hutaki?"

Alitaka.

Kina mama walikipisha kiti kama kawaida. Mmoja alikipangusa vumbi kwa upindo wa nguo yake, kikakaa kati ya daktari na mwalimu wa chekechea, ambaye tumbo lake lilikuwa limeshashuka. Wakaongea habari za kiungulia, za waume wanaokoroma. Wakacheka. Kisha mwalimu wa chekechea akasema, macho sakafuni:

"Dokta, mimi nina langu. Siku ile ni mimi niliyesema uchovu. Je, ni mimi niliyemuua?"

Kalamu ya mkufunzi ikasimama. Madaktari wapya wakanyoosha shingo. Jibu lilikuwa fupi, na daktari alilijua. Lilikuwa pale pale kooni lilipokwama siku ile, limekaa, linangoja. Akavuta pumzi.

"Wenzangu," alijisikia akisema, "mnaonaje?"

Mtu mmoja alikohoa. Kisha mama mwingine akasema ajali haina kinga na Mungu ndiye apangaye, wengine wakaitikia, na mwalimu wa chekechea naye akaitikia kwa kichwa, machozi yakimdondokea tumboni.

"Mmeona?" mkufunzi aliwaambia wapya. "Hakuingilia." Wakaandika.

Jioni ile kiti kilikuwa kizito. Kilijikokota, na penye barabara daktari alilazimika kukishika mgongo ili wavuke. Nyumbani, bintiye alikuwa ameshatenga kigoda mahali pake, mto juu yake, kwa ajili ya miguu. Alifanya hivyo kila siku bila kuagizwa. Kiti kikaenda kikakaa, na mto ukabonyea kidogo sehemu mbili.

Daktari alivua viatu, akamuuliza mtoto kama amekula. Mtoto alikuwa ameinama kando ya kiti, kama anavyomwinamia bibi yake anapoongea kwa sauti ndogo. Alisikiliza mpaka mwisho, bila kukatiza. Kisha akainuka.

"Mama, kichwa bado kinamuuma."