Upande wa Abiria

"Usiseme 'ningependa kuketi kitako'," dereva alisema, huku akikaza nati ya tairi ambayo wala haikuwa imelegea. "Sema 'nikae?' Inatosha. Hicho kitako kila mtu anajua unacho."

Wanafunzi wote watatu wakacheka, na yule mrefu aliyesahihishwa akacheka kuliko wenzake. Wakakaa juu ya turubai lililokunjwa ubavuni mwa lori, kama walivyokaa jana na juzi.

Lori lilikuwa limekwama mbele ya lango la chuo cha ualimu, katika nchi isiyo yake, na shehena yake ya vigae vya sakafu vya kupeleka kwao mgongoni. Klachi ilikuwa imeungua. Tajiri mwenye lori alipigiwa simu akasema kipuri kiko njiani, na dereva, ambaye maisha yake yote aliyaishi njiani, alijua kuwa neno hilo halina mwisho. Basi akatandika godoro kwenye kabini, akapatana na mlinzi wa chuo awe anaoga kwenye bomba la bustani, akaanza kungoja. Lugha ya pale hakuijua zaidi ya maji, mafuta na asante. Siku ya kwanza alizungumza na jiko lake la mafuta ya taa peke yake.

Ndipo wakaja hawa. Walikuwa wanasomea kufundisha Kiswahili, na katika mji ule mzima hawakuwahi kukutana na mtu aliyezaliwa nacho. Waliona namba za gari, wakajua limetoka wapi, wakajipanga mbele yake kama watu waliokuja kuposa. Yule mrefu akamwamkia kwa Kiswahili kilichopigwa pasi mpaka kwenye mishono: "Shikamoo, ndugu dereva. Je, waionaje hali ya hewa katika mji wetu huu?" Dereva nusura amwage chai.

Majina yao yaliushinda ulimi wake, akawapa ya kwake. Yule mrefu akawa Kamusi. Kijana mfupi aliyecheka kabla mzaha haujaisha akawa Kicheko. Na wa tatu, binti aliyesikiliza zaidi ya kusema, akawa Miwani, kwa sababu miwani yake ilikuwa mikubwa kuliko uso. Wao walimwita Mwalimu. Mara ya kwanza alikataa. Mara ya pili akaitika, maana jina lilikuwa tamu.

Barabarani wenzake walimwita Breki. Halikuwa jina la zamani. Zamani alikuwa akipita kwenye kona kama uzi kwenye tundu la sindano. Ila tangu mwaka uliopita alikuwa akikanyaga breki kwa ajili ya kivuli cha mti, kwa ajili ya gunia lililodondoka, kwa ajili ya dimbwi. Wenzake walisema uzee umemtia woga, naye akacheka pamoja nao. Afadhali waseme hivyo. Hakumwambia mtu kwamba upande wa kushoto wa dunia ulikuwa umejaa moshi. Wala hakusema kwamba klachi ile haikuungua yenyewe. Ilichoshwa na mguu uliokuwa ukisitasita mlima mzima.

Wanafunzi walikuwa na mtihani wa mazungumzo wiki ileile, na waliuogopa kama watoto wanavyoogopa sindano. Dereva akawafundisha alichokuwa nacho: kupunguziana bei bila kugombana, kukataa chakula bila kumuudhi mwenye nyumba, kumuaga mtu mara kadhaa na bado usiondoke. Kamusi alikwama kwenye neno moja. Mtu akijikwaa mbele yako, aliuliza, kwa nini umwambie pole wakati hukumsukuma?

"Ndiyo maana unamwambia pole," dereva akasema. "Ungemsukuma, ungesema samahani."

Kamusi aliandika, akafuta, akaandika tena. Nao wakampa habari zao. Kicheko alikuwa wa mwisho kwa mama yake, na dada zake wote walikuwa wamemkatalia kazi hii ya lugha za watu. Kamusi aliahidiwa shule ya kijijini kwao. Miwani alilelewa na bibi yake tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Dereva akawasimulia kuhusu mkewe, na mabinti zake wanaogombania redio, na mvua inavyopiga bati la nyumba yake hadi watu wazungumze kwa ishara. Jioni moja aligundua kuwa hajakiangalia kioo cha pembeni kutwa nzima, na kwamba amestarehe.

Ni Miwani aliyeuliza, siku walipofikia methali. "Mwalimu, 'macho hayana pazia' maana yake nini?"

"Hiyo rahisi. Jicho halikatazwi kutazama. Mtu akipita amependeza, nitamtazama tu, hata kama mke wangu ananifinya hapa." Akashika ubavu, na Kicheko akaanza. "Huwezi kulifunga jicho kama dirisha. Macho hayana..."

 Akainama kuliwasha jiko ambalo tayari lilikuwa linawaka. Miwani alimtazama, kisha akaitazama sufuria ya chai.

Kipuri kikafika. Fundi alilala chini ya lori tangu asubuhi, akaibuka mweusi hadi kwenye nyusi, na alasiri injini ikawa inanguruma kwa sauti yake ya kawaida. Safari ingekuwa kesho. Wanafunzi wakaja mbio kutoka kwenye mtihani, kila mmoja anataka kusimulia kwanza. Mtahini alikuwa ameangusha kalamu yake chini ya meza, Kamusi akamwambia pole, na yule mzee, ambaye hakuwa ametabasamu tangu aingie, akatabasamu.

Kicheko akaomba wapandishwe lori. Hadi kwenye mzunguko na kurudi, basi.

Dereva alifurahi. Walijibana watatu kwenye kiti cha abiria, Miwani dirishani. Akapasha injini, akaangalia kulia, akaangalia kioo cha kushoto kwa pembe ya jicho na kukiona kama anavyokiona siku zote, sahani ya maziwa. Akaachia klachi taratibu. Lori likaanza kusogea kuacha ukingo wa barabara.

"Mwalimu," Miwani alisema polepole, kama mtu anayechagua mawe ya kukanyaga mtoni, "kuna mama hapa."

Akakanyaga breki. Karibu kabisa na bampa, upande wa kushoto, mwanamke alikuwa akisukuma mkokoteni wa madumu ya maji. Alipita bila haraka, na alipofika mbele akainua mkono kumshukuru dereva kwa uungwana wake wa kusimama.

Shukrani ile ndiyo iliyomchoma. Akazima injini. Akabaki ameshika usukani kwa mikono yote miwili mpaka mkokoteni ulipopotea kwenye kona.

"Bibi yangu alikuwa anageuza kichwa kama wewe," Miwani akasema. "Jicho lake lilikuwa na kitu. Cheupe. Neno lake silijui."

"Mtoto wa jicho," dereva akajibu. Hakuwahi kulitamka neno hilo kwa sauti tangu lianze kumhusu.

"Jicho linazaa?" Kicheko aliuliza, kwa nia njema kabisa.

"Linazaa. Tena mtoto asiyelia. Ndiyo maana mtu anaweza kumficha."

Kwa mara ya kwanza Kicheko hakucheka. "Pole, Mwalimu," Kamusi akasema kwa sauti ya chini, na safari hii hakuhitaji kueleweshwa.

Miwani akasema bibi yake alipasuliwa, na sasa anaona vizuri mno. "Nikitoka chuoni ananiona nikiwa mbali. Anaanza kunigombeza nikiwa bado mbali."

Dereva akacheka kidogo, kisha akafikiria ule mlima wa kurudia, kona zake, na watu wanaoteremka asubuhi wakiwa wamebeba mizigo kichwani, wote upande wa kushoto. Akachomoa ufunguo.

Alimpigia tajiri akiwa amesimama chini ya lango la chuo. Tajiri akauliza tangu lini, akaambiwa ukweli. Akasema atamtuma dereva mwingine kwa basi la usiku. Kuhusu kazi, baada ya matibabu, alisema tutaona. Halikuwa ndiyo, wala halikuwa hapana.

Kisha akampigia mkewe. Alikuwa ameandaa maneno mengi, ila hakupata nafasi ya kuyatumia.

"Nilijua," mkewe alisema. "Mwaka mzima unanitazama kwa ubavu, kama kuku aliyeona mwewe. Nilikuwa nakungoja uniambie."

"Mbona hukuniuliza?"

"Ungekubali?"

Dereva akaegemea nguzo ya lango.

"Njoo nyumbani, baba watoto," mkewe akasema. "Njoo kwa kiti chochote."

Aliyetumwa alikuwa mtu waliyejuana, aliyemwoa binamu wa dereva, na ambaye kila mtu kazini humwita Shemeji. Alifika asubuhi na begi dogo, akaushika usukani bila maswali, na hilo dereva alilishukuru moyoni. Wanafunzi walimuaga kama alivyowafundisha: waliaga, wakabaki, wakaaga tena, wakaulizia habari za mabinti, wakaaga. Miwani aliufunga mlango wa kabini mwenyewe, akausukuma kuhakikisha umeshika.

Mchana ule wakaanza kupanda mlima. Dereva aliipita njia hiyo kwa miaka, na kila shimo lake alilijua kwa makalio. Lakini macho yake yalikuwa ya lami tu; pembeni hakuwa na nafasi ya kutazama. Sasa mikono yake ililala mapajani bila kazi. Mguu wake wa kulia ulikanyaga sakafu tupu kwenye kona mbili za mwanzo, kisha nao ukatulia.

Walipofika juu, bonde likafunguka upande wake. Hakuwa na habari kwamba pale kuna bonde. Mbali, kwenye mteremko wa kijani, kulikuwa na vitu vyeupe, vingi, vimetawanyika. Aligeuza kichwa, akalipeleka jicho zima.

"Shemeji, vile ni nguo zimeanikwa, au ni ndege?"

Shemeji alitupa jicho, akafungua mdomo kujibu.

"Ngoja, usiniambie," dereva akasema, akateremsha kioo. Upepo ukaingia, na kule kwenye mteremko baadhi ya vile vyeupe vikaanza kutikisika.