Karatasi ya Njano ya Arvi

Neno hili nalisema hapa kwa sababu kule kwenye mkutano sikulisema. Miaka ishirini na mbili nilikuwa mhudumu wa maktaba ya Kuusiranta: nafagia, nabadilisha taa, nakwangua barafu kwenye ngazi. Funguo zote zilikuwa kiunoni mwangu.

Arvi Lehtola alilala kwenye nyumba ya wasio na makazi, ng'ambo ya reli. Nyumba ile huwatoa watu saa kumi na mbili asubuhi, hata iwe baridi ya namna gani. Maktaba ilifunguliwa saa tatu. Hapo katikati kuna masaa matatu, na mwezi wa Januari masaa matatu yanatosha kummaliza mtu. Kwa hiyo nilipofika na sepetu yangu alfajiri, nilimfungulia mlango wa nje. Wa ndani niliuacha umefungwa. Arvi alikaa katikati, kwenye eteinen, kile chumba kidogo cha mlangoni ambamo kila mtu kwetu hukung'uta theluji na kuvua viatu. Humo mlikuwa na bomba la joto na kiti kibovu. Alivua viatu, akavipanga kando ya ukuta utadhani kafika kwa mama mkwe, akasubiri.

"Umechelewa dakika nne, bosi."

"Kanishtaki mjini, mheshimiwa mkurugenzi."

"Nikipata viatu vya kwendea, nitakwenda."

Tuliongea hivyo miaka tisa. Sikuwahi kumwuliza ilikuwaje akafikia hali ile. Kwetu mtu haulizwi.

Kisha kuta zikaota ukungu, watu wakaanza kukohoa, mji ukaamua kuivunja maktaba na kuijenga upya. Safari hii, walisema, iwe sebule ya mtaa mzima. Mchoraji wa jengo alikuwa Saana Vuorela, binti mchangamfu ambaye mpaka leo siwezi kumchukia. Alituita, akatuletea kahawa na mikate ya iliki. Watu arobaini walikuja, wakala, wakatazama viatu vyao.

"Jamani, hii ni nyumba yenu! Mnataka iwe na nini? Semeni chochote."

Watu wakajimiminia kahawa.

"Hata kitu kimoja tu?"

"Kahawa imeisha," mtu akasema kutoka nyuma.

Saana akacheka, akagawa karatasi za njano: asiyetaka kusema na aandike, jina si lazima. Arvi, aliyekaa karibu na mlango, aliandika taratibu, akaikunja yake mara nne. Saana alipoifungua, akaisoma kwa sauti. Ilikuwa na neno moja.

"Eteinen! Nani kaandika hii?"

Arvi akatazama dari.

"Basi, nimekuelewa, uliyeandika. Unataka ukija hapa ujisikie umefika kwako. Uvue viatu, utundike koti. Tutaweka benchi zuri la msonobari. Na kapu la soksi za sufu, mnaonaje?"

Watu wakatikisa vichwa kukubali, kwa mara ya kwanza jioni ile.

Mimi peke yangu nilijua. Ilitosha niseme: anaomba mlango wa nje uwe wazi kuanzia saa kumi na mbili. Lakini kusema vile kungekuwa kumvua Arvi nguo mbele ya watu arobaini. Na mkuu wa maktaba alikuwa ameketi kulia kwangu, hajui kwamba miaka tisa nimekuwa nikivunja kanuni zake. Nilijidanganya kwamba nilinyamaza kwa ajili ya Arvi. Nilinyamaza kwa ajili ya kazi yangu pia. Nikamega mkate.

Nje Arvi aliniuliza, "Ameelewa?"

"Ameelewa. Benchi atakuwekea."

"Afadhali. Kile kiti kilikuwa kinaniua mgongo."

Miaka miwili ya ujenzi tulihamia kwenye kontena, na kontena nalo nilimfungulia.

Maktaba mpya ilifunguliwa Novemba. Ni nzuri, sisemi uongo. Benchi la Saana liko pale, soksi ziko pale, vyote nyuma ya mlango wa kioo unaofunguka wenyewe saa tatu kamili. Funguo zangu zilichukuliwa, nikapewa kadi ya mlango wa nyuma. Theluji siku hizi huondolewa na trekta la kampuni, basi zamu yangu ikasogezwa hadi saa mbili.

Asubuhi ya kwanza nilimkuta Arvi amesimama nje, paji la uso kwenye kioo.

"Benchi zuri," akasema.

"Njoo nikupitishe nyuma."

"Nyuma ni kwa wafanyakazi."

"Arvi, acha ujeuri."

"Mimi nasubiri na wenzangu, bosi."

Hapakuwa na mtu mwingine.

Nilikusudia kumpigia Saana. Namba yake niliibandika kwenye friji, na kila Jumatatu nikasema kesho. Desemba nilimwendea mkuu, nikamwambia labda mlango ufunguliwe mapema kidogo.

"Kwa ajili ya nani?" akauliza.

"Basi tu," nikasema. Basi tu! Nikilikumbuka jibu lile natamani kujizaba kofi.

Tarehe kumi na nne Januari baridi ilifika nyuzi ishirini na tisa chini ya sifuri. Niliingia kwa nyuma saa mbili, nikashuka chini kushughulikia mashine ya kusugulia sakafu. Saa tatu nikausikia mlango wa mbele ukifunguka, ukajaribu kujifunga, ukafunguka tena. Nikapanda kuona umekwamishwa na nini.

Arvi alikuwa ameuegemea. Ulipofunguka aliangukia ndani, nusu juu ya zulia, na mlango ukawa unamgonga ubavuni na kurudi.

Polisi aliyekuja alikuwa msichana mpole. Aliona miguu haina viatu, akaniambia, "Ndivyo baridi inavyofanya, mama. Mwishoni mtu anahisi joto, anaanza kuvua."

"Koti hakuvua. Kofia hakuvua. Kavua viatu tu."

Akavitazama. Vilikuwa nje, vimepangwa kando ya ukuta, kamba zimeingizwa ndani.

"Kuna aliyejua kwamba huwa anasubiri hapa?"

Mkuu wa maktaba alikuwa amesimama kulia kwangu, kama siku ile.

"Mimi," nikasema. "Na alituandikia."