Mtafiti Haitikii

Mkuu wetu wa utafiti tulimwita Mizani, maana hata salamu aliipima kabla ya kuitoa. Siku ya kwanza alinikabidhi kinasa sauti.

"Ukiingia kwa watu, huruma yako iache mlangoni pamoja na viatu. Usitikise kichwa. Usiseme pole. Hata 'enhe' usiseme. Ukiitikia, umeshamwonyesha jibu unalolipenda."

"Kwa hiyo nikae kama gogo?"

"Gogo halibishani na mkubwa wake. Nenda."

Tulikuwa tukiwahoji watu wanaouguza wazee majumbani. Mtaa ambao wengi wangesema wameelemewa, ungepelekewa wahudumu wa kusaidia. Wahojiwa hawakuambiwa hilo. Mimi nililijua, na sikuruhusiwa kulitamka.

Nikafika kwa bibi mmoja mshonaji. Cherehani yake ilikuwa dirishani, na nyuma yake kitanda cha mumewe, fundi redio wa zamani aliyeshikwa na maradhi ya kusahau. Utepe wa kitambaa ulitoka mkononi mwa mzee hadi mkononi mwa bibi, ili akiinuka, bibi ajue.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona umekonda? Huko chuoni mnakula karatasi?"

Sikucheka. Kinasa sauti kilikuwa kimewaka. Nikamuuliza kama kumtunza mumewe kunamwelemea.

Akaanza vizuri. Akaeleza anavyomlisha, anavyomwosha, na jinsi alivyomkuta asubuhi ile mlangoni, anatafuta njia ya kurudi nyumbani naye yumo nyumbani. Hapo akanitazama. Nami nikamkodolea macho kama mjusi ukutani.

"Unanisikia lakini?"

Nikatazama taa ya kinasa sauti.

"Haya, sema hatujambo. Mungu anasaidia."

Lilikuwa jibu la kumsindikizia mgeni. Kama lingebaki hilo, hakuna mhudumu ambaye angevuka kizingiti kile.

"Enhe," ikatoka sauti kitandani.

Bibi akageuka, uso ukamlainika. "Umemsikia? Jina langu limempotea. Watoto wake wamempotea. Lakini nikisema, ananiitikia. Wewe mwenye akili zako zote unaninyamazia ndani ya nyumba yangu!"

Masikio yakaniwaka moto.

"Pole, bibi. Enhe, akawa pale mlangoni, ikawaje?"

Akasema. Alisema huku akishona, akasema hata uzi ulipokwisha sindanoni, na mzee akimwitikia pale nilipochelewa mimi. Moyoni nilimwombea atamke kwamba ameelemewa, neno moja tu. Hakulitamka.

"Mzigo mtu huutua akapumzika," alisema mwishoni. "Huyu mimi sitaki kumtua. Nataka mtu wa kumshika upande wa pili, nami nipate usingizi."

Kesho yake Mizani akasikiliza yote ofisini kwake.

"Sauti yako imo."

"Imo. Nifukuze ukitaka, lakini gogo lisingeambiwa kitu."

"Punguza moto, kijana. Ulitaka akujibu nini?"

"Kwamba ameelemewa."

"Alikujibu hivyo?"

"Hapana."

"Ungemsukuma kidogo tu angesema. Mbona hukumsukuma?"

"Alikuwa ananiambia ya kwake. Ya kwangu yangemkatiza."

Mizani akaondoa miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyochafuka.

"Yaandike yote. Na pole yako usiifute. Atakayesoma ajue nani alikuwamo chumbani. Kumsikiliza kwa upendo nitakuachia. Jibu la kulipenda, hilo sikuachii hata siku moja." Akavaa miwani. "Na hilo la upande wa pili hatukuwa tunaliuliza. Kuanzia leo tutauliza kila nyumba, na ya bibi huyo itakuwa ya kwanza katika ripoti, kwa maneno yake mwenyewe."

Akarudisha kinasa sauti nyuma, tusikilize tena. Mizani aligeukia dirishani. Sauti ya bibi ilipofikia habari ya pale mlangoni, mumewe akitafuta nyumba yao, bibi akapumua kidogo, kama mtu anayesubiri kuitikiwa.

"Enhe," akasema Mizani.