Msomaji Aliyekaa Kuliko Wote

Namba ya wakunga wa zamu ilikuwa juu kabisa ya ukurasa, nyekundu, kubwa hata mtu asiye na miwani aione. Mwalimu ndiye aliyeiweka pale, na kimoyomoyo alikuwa akiionea fahari. Sasa Mkurugenzi alisimama nyuma ya kiti chake akiigonga skrini kwa kalamu.

"Hii ndiyo inayotumaliza," alisema.

"Namba, bosi?"

"Namba. Mtu anafungua tovuti, anaiona, anapiga, anaondoka zake. Hajasoma hata mstari! Mfadhili anauliza watu wanakaa kwetu muda gani. Nimjibu nini? Sisi hatuna wasomaji, tuna wapita njia."

"Lakini anayeitafuta namba hiyo, bosi, mara nyingi ana haraka."

"Ndiyo maana tunamfundisha kutulia. Au hii si tovuti ya elimu ya ustawi wa wajawazito?"

Fundi, yule mwanamume wa makamo anayezichora kurasa, alianza kucheka kwenye meza ya pili, kisha akageuza kicheko kuwa kikohozi. Ofisi yenyewe ilikuwa stoo ya rangi zamani, na joto likizidi kuta zilianza kunuka rangi upya. Dirisha lilikuwa moja, nalo lilitazama ukuta wa jirani. Kiti cha Mwalimu kilifungwa mguu kwa mpira wa baiskeli. Jina la Mwalimu si la utani. Alikuwa akifundisha watoto wadogo mpaka shule ikafungwa, kisha akazunguka na vyeti ndani ya mfuko wa nailoni hadi soli za viatu zikaisha. Hapa alipewa mkataba wa miezi mitatu mitatu, na mkataba wa namna hiyo humtia mtu adabu kuliko fimbo.

"Mkataba wako unaisha mwisho wa mwezi, sivyo?" Mkurugenzi aliuliza kwa upole, kama anayeulizia hali ya watoto.

Mwenye nguvu mpishe. Mwalimu aliishika ile namba kwa kishale cha kompyuta, akaishusha.

Waliipeleka mwisho kabisa wa kitu walichokiita Safari ya Utulivu. Msomaji akifungua tovuti, kwanza achague uso unaofanana na hali yake: unaocheka, ulionuna, unaolia. Kisha apumue pamoja na duara linalovimba na kunywea, na hawezi kuendelea mpaka duara limalize. Kisha maswali: amelala vipi, amekunywa maji, leo anamshukuru nani. Fundi alichora maua pembeni. Maneno aliandika Mwalimu, kwa ile sauti aliyowabembelezea watoto wa darasa la kwanza. *Usiogope. Vuta pumzi taratibu. Niko hapa nawe.* Yalikuwa maneno mazuri, na hapo ndipo ulipokuwa ubaya wenyewe.

Nyumbani aliishi na mdogo wake, Kitinda, katika chumba kimoja cha uani palipopangwa vyumba kama mabanda ya kuku. Kitinda alikuwa na mimba ya miezi minane. Mumewe aliendesha lori la masafa marefu na kuonekana kwake kulikuwa kwa kuvizia, kama mwezi mwandamo. Mama yao alipofariki, Mwalimu ndiye aliyemlea huyu mdogo, akamwogesha, akamsuka, akampeleka shule. Na miezi michache nyuma alikuwa amemwambia, "Ukiona damu, usipoteze muda kuuliza mtu. Fungua tovuti yetu. Namba ya wakunga iko juu kabisa, wanapokea wakati wowote na gari wanatuma wao."

"Dada na tovuti yako! Utadhani umeizaa wewe."

"Nimeizaa, na ina akili kukushinda."

Walicheka mpaka jirani, mfua nguo, akagonga ukuta.

Alipaswa kumwambia kwamba namba imehamishwa. Au amwandikie tu kwenye karatasi, basi. Kila jioni maneno yalimfika kooni, lakini kuyatoa kulikuwa ni kusema ameihamisha nani, na kwa nini. Aliona aibu, huo ndio ukweli. Kesho, alijiambia, huku akimpakulia mdogo wake fungu kubwa zaidi la chakula.

Kila Jumatano mchana ofisi ilikuwa na saa ya utulivu. Mkurugenzi aliileta desturi hiyo kutoka semina fulani, na hakuna aliyethubutu kuikosa. Simu zote zilizimwa sauti na kutiwa kapuni mlangoni, wafanyakazi wakaketi juu ya mikeka, macho yamefumbwa, wakapumua. Mwalimu alipumua pamoja nao. Alikuwa akiwazia sabuni iliyoisha.

Alipoichukua simu yake kapuni, alikuta Kitinda amepiga mara nyingi, kisha akaacha. Alipiga, akapokea mtu mwingine. Alikuwa yule jirani mfua nguo.

"Uko wapi wewe? Mwenzio tumempandisha mkokoteni. Njoo hospitali, na usije mikono mitupu, njoo na mashuka."

Mtoto alikuwa wa kike. Alitoka kimya. Mkunga alisema laiti wangewahi kidogo tu, kisha akaona uso wa Mwalimu, akarudi kukunja vitambaa vyake.

Kitinda hakulia mpaka waliporudi chumbani. Hata hapo, alilia kidogo, akachoka.

"Nilikupigia, dada."

"Najua."

"Uani hakukuwa na mtu. Nikafungua kama ulivyonifundisha. Juu hakuna namba, kuna nyuso. Nikachagua inayolia. Ikaniambia nipumue."

Mwalimu alitazama sakafu.

"Nikapumua. Damu inashuka, mimi napumua tu. Halafu ikaniuliza namshukuru nani. Nilipojibu macho yakaingia giza, namba sikuiona."

"Kwa nini hukuacha, Kitinda? Kwa nini hukutoka nje ukapiga kelele?"

Mdogo wake alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Yalikuwa maneno yako. Mimi nakujua unavyosema. Nilijua ni wewe unaniambia nitulie, basi nikatulia."

Mwalimu alitoka, akaenda kwenye bomba la uani, akaanza kufua mashuka waliyorudi nayo hospitali.

Wiki iliyofuata Mkurugenzi aliwaita wote mbele ya ukuta aliouwashia picha za takwimu. Alikuwa amevaa shati jipya. Mistari ilikuwa ikipanda kama ngazi.

"Muda wa kukaa umepanda mara tatu! Na tazameni hapa. Jumatano iliyopita, msomaji mmoja, mama mjamzito, amekaa karibu saa nzima. Saa nzima! Alijaza kila swali. Kwenye shukrani aliandika, 'Dada yangu.' Mnaona jinsi maudhui yanavyomgusa mtu?"

Watu walipiga makofi.

"Huyu mama nataka tumtafute," Mkurugenzi aliendelea. "Mfadhili anakuja. Picha yake iwe ukurasa wa mbele, anatabasamu, na maneno mawili matatu. Mwalimu, wewe una ulimi mtamu—"

"Ni mdogo wangu," alisema Mwalimu. "Alikuwa anatafuta—"

"Mdogo wako!" Mkurugenzi alipiga mapaja yake. "Kumbe dawa tunayo nyumbani! Basi kazi imekwisha. Picha niipate kesho asubuhi, na ule mkataba wako tuuzungumze vizuri safari hii, uwe wa mwaka."

Makofi yalianza tena, na sentensi ya Mwalimu ilibaki nusu mdomoni. Fundi peke yake ndiye aliyeacha kupiga. Aliinamisha kichwa akaanza kuchunguza waya uliokuwa mzima.

Kitinda alikuwa amekaa kitandani, blauzi imelowa kifuani. Maziwa yalikuwa yanakuja kwa saa zake, na dawa ya kuyakausha haikupatikana. Mwalimu alisimama mlangoni.

"Wanataka picha yako."

"Nani?"

"Kazini. Waiweke mbele."

"Umewaambia?"

"Nilianza."

Nje mfua nguo alikuwa akikamua mashuka ya watu.

"Wakiikosa?"

"Mwisho wa mwezi ni kesho kutwa."

Mdogo mtu alivuta mtandio, akaukunja mara mbili, akaufunika kifua palipolowa. Akajipangusa uso kwa kiganja. Mwalimu aliinua simu.

"Geuka kidogo," alisema. "Huku kwenye mwanga."

Kitinda aligeuka.

"Nicheke, dada?"