Mkojo Mwekundu

Miguu ilikuwa imevimba hata kandambili hazikuingia, kwa hiyo Winifrida alikuja zahanati pekupeku, akikanyaga maji ya samaki na maganda ya machungwa. Fundi mapazia mzima, Kariakoo yote inamjua, pekupeku.

Alitaka kitu kimoja tu: barua ya rufaa. Hospitali kubwa, kule Upanga, walimwekea nafasi ya mashine ya kusafisha damu kesho asubuhi, lakini dirisha la bima halimpokei mtu bila barua ya zahanati alikoanzia.

Miezi miwili iliyopita alikohoa damu. Makohozi yakapimwa mara mbili, yasionyeshe kitu. Athanas, tabibu wa zahanati, akamwanzishia dawa za TB hivyo hivyo, maana idadi ya wagonjwa wa TB inayotakiwa kila mwezi ilikuwa haijatimia na wakubwa walikuwa wanapiga simu. Wiki ya tatu mkojo ukawa mwekundu. "Ni rangi ya dawa hiyo, kila mtu anakojoa hivyo," alimwambia. Kweli, vidonge vile hugeuza mkojo. Lakini hii ilikuwa damu, na hakuna aliyejisumbua kuipima. Ni huko Upanga alikoambiwa kwamba ana ugonjwa adimu, kinga ya mwili wake inashambulia mapafu na figo. Ungewahiwa, figo zingepona. Sasa zimekufa.

"Mkojo wangu hukuupima," alisema.

Athanas alimsogezea rejista. "Dada, yaliyopita si ndwele. Saini hapa, barua yako hii."

Alisoma. *Amemaliza dozi. Amepona.*

"Dozi ni miezi sita. Mimi nimekunywa miwili."

"Nikiandika vingine wakubwa watakuja kuuliza. Wakiuliza, faili lako linashikwa, na barua inashikwa nalo. Unataka kubishana au unataka mashine?"

Hasira ilimpanda. Alitamani kumtwanga usoni kwa ile rejista. Lakini ilikuwa saa nane na nusu, na dirisha la bima hufungwa saa tisa na nusu. Akashika kalamu kwa vidole vilivyovimba, akasaini.

Athanas alipiga mhuri, akafungua mlango, akawageukia wagonjwa waliokaa kwenye benchi, kama wafanyavyo pale kila mtu anapomaliza dozi.

"Mwenzenu huyu amepona. Mpigieni makofi."

Wakampigia. Winifrida akakohoa kwenye kiganja, kisha akakifumba haraka, damu isije ikaichafua barua.