Simu ya Jackton Ndani ya Sinema

Mzee Vessier alitengeneza filamu za majambazi huko Ufaransa, na vijana wa sinema bado wanamwiga. Wezi wake hawaongei. Wanavaa koti, wanawasha sigara, wanafanya kazi yao. Mimi namwogesha na kumpa dawa. Binti yake, Madam, ni injinia Riyadh, ndiye aliyeniajiri.

Jumamosi hiyo tulikuwa Jeddah, kwenye tamasha la filamu. Walimpigia makofi, wakapiga naye picha, taa zikazimwa. Kufika katikati ya filamu, wengi walikuwa wameshaondoka. Madam naye alitoka kuongea na wadhamini. Mzee aliona. Akanishika mkono.

"Na wewe usiende, Lois."

"Niende wapi? Wewe ndiye kazi yangu."

Lakini simu ilikuwa mapajani. Mwanangu Jackton anasoma shule ya bweni Bomet. Jumamosi moja kila mwezi, mwalimu wa zamu huwapanga foleni wawapigie wazazi kwa simu yake. Mzazi asipopokea, simu inapewa anayefuata, na mtoto anangoja mwezi mwingine. Mwezi uliopita ililia nikiwa bafuni na mzee.

Simu ikatetema. Nikitoka, mzee atabaki peke yake gizani. Nikapokea pale pale.

"Jackton! Ni mama."

Kijana wa mlangoni akaja mbio. "Sister, mafi simu! Halas!" Yaani hakuna simu humu, basi.

"Ngoja kwanza," nikamwambia. "Jackton, unakula? Kifua je?"

"Niko sawa, mathe."

"Sawa vipi? Ongea, mtoto."

Nyuma yake wenzake wakacheka. "Harakisha bana! Ama unataka kunyonya?"

"Niko sawa tu." Ikakatika.

Mzee alikuwa ameacha kutazama filamu yake. "Amesema nini?" akauliza kwa Kiingereza chetu cha kuungaunga.

"Kwamba yuko sawa. Mara mbili."

"Maneno hayo niliwakataza waigizaji wangu wote. Mtu aliye sawa hayasemi."

"Najua, mzee. Nimemzaa mimi."

Kwenye skrini jambazi alikuwa ameketi kwenye kitanda cha hoteli, ametazama ukuta. Nikaipa skrini mgongo, nikamwandikia mwalimu: Jackton ana jambo. Tafadhali mwite pembeni, mbali na wenzake, umuulize.

Alama mbili zikatokea, za kijivu: ujumbe umefika. Hajasoma.